Jinsi ya Kuibiwa kwa Utaratibu

Wanafunzi wapya wanaporipoti Chuo Kikuu cha Nairobi hufundishwa mengi wiki ya kwanza: mahali pa kulipia karo, namna ya kujisajili, saa za maktaba, na nani wa kumwona mkopo wa HELB ukichelewa. Somo la kuibiwa halimo kwenye ratiba, ilhali wengi watalifanyia mtihani kabla hawajahitimu. Kuibiwa ni kazi kama kazi nyingine. Kuna wanaoifanya vizuri, na kuna wanaoifanya ovyo hadi mtu asiye na hatia anaishia hospitalini na laptopu yenyewe isipatikane. Mwongozo huu ni wa wanaotaka kuifanya vizuri, na kila hatua iliyomo naiamini.

Anza kabla mwizi hajakujua. Siku unayonunua laptopu, igeuze juu chini: kuna kibandiko chenye namba ndefu ya kiwandani. Ipige picha. Kwenye simu bonyeza *#06# uone IMEI, tarakimu 15, uzinakili. Risiti nayo ipige picha mapema, maana maandishi ya zile karatasi za duka hufutika yenyewe ukiwa bado unalipa deni. Vyote vitume kwa barua pepe yako na kwa mtu mmoja wa nyumbani. Ukivihifadhi kwenye simu hiyo hiyo, mwizi ataondoka na mali pamoja na ushahidi wake. Kisha tia alama yako mwenyewe, herufi mbili kwa ncha ya msumari, mahali ambapo wewe tu ndiwe unayepajua.

Faida yake utaiona siku polisi watakapovamia chumba fulani na kukuta laptopu zimepangwa hadi dirishani. Watakuita uje kutambua yako. Anayesema "ni HP nyeusi" hana lake pale, kwa sababu zote ni HP nyeusi. Mwenye namba huinama, akasoma, akaonyesha. Kutoka lango la kampasi kuu hadi Luthuli Avenue, ambako vifaa vya elektroniki vipya na vya mkono wa pili hupangana duka kwa duka, ni mwendo wa miguu. Kitu chako kikishaingia katikati ya jiji bila namba, kimekuwa cha yeyote aliyekishika.

Pili, ujue uko wapi. Kampasi kuu haina msitu wala mto wa kuitenga na jiji. University Way iko hapa, Harry Thuku Road pale, na Uhuru Highway inapita katikati ya mwanafunzi na kitanda chake: madarasa upande huu, hosteli za State House Road upande ule, na njia ya chini kwa chini ya kuvukia. Panda kidogo uko Museum Hill na Chiromo, wanakosomea watu wa sayansi. Endelea na Waiyaki Way, chini ya nguzo za barabara ya juu iliyofunguliwa mwaka 2022, upite Westlands na Kangemi, ufike Kabete na hatimaye Kikuyu. Chuo kimoja kimetandazwa kuanzia katikati ya mji hadi mashambani, na kila kampasi ina wizi wake. Mjini simu hutoka kwa dirisha la matatu lililo wazi, mkono mmoja tu, na taa za barabarani zikiwaka kijani mwenye mkono hayuko. Hosteli hupoteza laptopu na suruali za jinzi kwenye kamba. Kampasi zilizo karibu na miti mikubwa zina washukiwa wenye mikia. Aliyewahi kula mkate Arboretum anajua kwamba tumbili hasubiri ugeuke.

Tatu, mjue unayemripotia. Marekani vyuo vingi vina polisi wao kamili, walioapishwa, wenye bunduki na pingu. Sisi tuna soja. Huyu ni askari wa chuo, au wa kampuni iliyopewa kandarasi, mwenye sweta ya buluu, tochi, rungu na redio ya mawasiliano ambayo betri yake ina siku zake. Sheria ya kudhibiti ulinzi wa kibinafsi ya mwaka 2016 inamruhusu kukuuliza kitambulisho langoni na kukiandika. Akimkuta mtu akiiba anaweza kumkamata, jinsi raia yeyote anavyoweza, kisha lazima amkabidhi polisi bila kuchelewa. Hana seli wala mamlaka ya kuhukumu. Silaha yake kubwa ni kitabu.

Naomba kitabu hicho kitazamwe vizuri. Ni kaunta buku yenye jalada gumu, kurasa zimepigwa mistari kwa rula: tarehe, saa, tukio, hatua iliyochukuliwa, sahihi. Biro imefungwa kwa uzi ili isitembee. Pembeni kuna thamosi ya chai. Ndani ya kurasa hizo ndimo chuo kinamoishi maisha yake halisi: funguo zimepotea; mwanafunzi amekwama kwenye lifti; kelele ghorofa ya tatu saa nane za usiku; wawili wamepigana kwa ajili ya foleni ya mesi; koili ya kupikia imekamatwa; begi limeachwa kushikia mtu kiti maktabani na sasa halipo; mlango ulikuwa wazi "dakika moja tu" mwenyewe akienda kuoga, aliporudi meza ilikuwa tupu. Haya ndiyo matukio ya kila siku, na kwa sababu ni ya kila siku watu huyadharau. Mimi siyadharau. Soja akiona kwenye kurasa zake kwamba laptopu tatu zimepotea ghorofa moja, Jumanne tatu mfululizo, kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, hapo amepata kitu ambacho hakuna kamera ambayo ingempa. Lakini ataona hivyo ikiwa tu wale watatu wameripoti.

Basi ripoti, na uripoti vizuri. Hivi ndivyo wengi wanavyofanya:

"Soja, nimeibiwa! Laptopu yangu imeenda!"

"Pole sana, kijana. Ilikuwa wapi?"

"Kwa rumu."

"Rumu gani?"

"Si unaijua, ile ya karibu na ngazi."

"Uliiona mara ya mwisho saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Asubuhi saa ngapi?"

"Soja, wewe unauliza maswali na mwizi anaenda!"

Mwizi ameenda zamani. Soja anauliza saa kwa sababu zamu hubadilishwa saa kumi na mbili, na kwa sababu langoni kuna daftari jingine la wageni. Ukimpa saa tatu na nusu hadi saa nne na dakika kumi, anaweza kufungua daftari hilo aone nani aliingia na nani alitoka na begi. Anaweza kuwaomba wenye kamera watoe picha za dakika hizo arobaini kabla hazijafutwa na za siku nyingine. Ukimwambia "asubuhi," umempa siku nzima atafute sindano.

Kwa hiyo tua kwanza. Msalimie. Huyu mzee yuko kwenye miguu yake tangu alfajiri, na salamu haikupotezei hata nusu dakika. "Habari ya kazi, mzee. Nimekuja kuripoti wizi." Kisha namba ya chumba, saa ya mwisho uliyokiona kitu, saa uliyogundua hakipo, nani ana ufunguo, nani alikuwa akiingia, na ile namba ya kiwandani uliyopiga picha. Sema ulichokiona na ukome hapo. Ukianza na "nashuku ni yule wa pale mbele kwa sababu hanisalimii," umeandika jina la mtu kwenye kitabu ambacho hakina kifutio. Soma kilichoandikwa kabla ya kutia sahihi, na uondoke na namba ya tukio.

Hatua inayofuata ni kituo cha polisi, na hapa wengi huishia njiani. Kampasi kuu ni jirani na Central, pale pembeni mwa University Way na Harry Thuku Road. Ukiibiwa Westlands, utaenda Parklands. Ukiwa upande wa Kabete, Kituo cha Kabete kiko Waiyaki Way. Utaripoti, utapewa namba ya OB, yaani daftari la matukio la kituo, na kwa kitu kilichopotea utapata hati ya abstrakti. Kuripoti uhalifu hakulipiwi. Ukiwa umeumizwa, fomu ya P3 nayo ni haki yako.

Najua kwa nini watu hawapendi kuvuka barabara ile. Tarehe 16 Machi 1922, mahali hapo hapo, umati uliokuja kudai mwanaharakati Harry Thuku aachiliwe ulipigwa risasi, na Mary Muthoni Nyanjiru akawa miongoni mwa waliouawa. Hesabu ya serikali ya kikoloni ilikuwa watu 21. Tarehe 28 Septemba 2017, baada ya maandamano ya wanafunzi, polisi wa kutuliza ghasia waliingia chuoni wakapiga watu madarasani na hostelini, na video zikaonekana nchi nzima. Mwanafunzi aliyelelewa kwenye kumbukumbu hizo hamkimbilii karao kwa sababu ya simu ya elfu kumi. Simlaumu. Ninachomwambia ni kwamba asiende peke yake. Mwombe soja aliyeandika tukio akusindikize, au afisa wa usalama wa chuo, au mwenzako mtulivu. Tukio lililokwisha kuandikwa ng'ambo ya barabara ni vigumu kupuuzwa ng'ambo hii. Hiyo ndiyo sababu nyingine ya kukipenda kitabu cha soja: kinakupa shahidi kabla hujafika kwa serikali.

Sasa nifike kwenye sehemu ninayotaka isomwe mara mbili: mwizi akishikwa.

Hosteli ina masikio. Neno "mwizi!" likipaazwa usiku, milango hamsini hufunguka kwa pamoja, na wanaotoka wamebeba chochote kilichokuwa karibu. Hawajui kilichoibwa ni nini. Hawajui aliyeshikwa ni nani. Anaweza kuwa mwizi kweli. Anaweza pia kuwa kijana wa kuleta chakula aliyekosea ghorofa, binamu wa mtu aliyekuja kulala, fundi wa bomba, au komredi mwenzao aliyevaa kofia vibaya. Kwa dakika tano za kwanza hakuna tofauti yoyote kati ya hawa, kwa sababu hakuna anayeuliza. Na dakika tano zinatosha kumuua mtu.

Utaratibu ni huu. Usipige kelele ya "mwizi". Mwite soja kwa jina lake. Funga mlango mtu akiwa ndani nanyi wawili watatu mkiwa naye, mbali na ngazi na mbali na madirisha ya ghorofa ya juu. Msimguse zaidi ya kumzuia. Msimvue nguo, msimpige picha za kusambaza, msimlazimishe kukiri mbele ya simu. Yeyote anayesema "tumfunze adabu kidogo" mpe kazi ya kwenda kumwita soja mwingine. Soja akifika, kazi yake ya kwanza ni kumtoa mtu huyo akiwa hai, na kazi yenu ya kwanza ni kumpisha. Nimewahi kuona soja mmoja mwenye umri wa baba yangu akisimama mlangoni na tochi tu, mgongo kwa mshukiwa na uso kwa vijana thelathini, akirudia neno moja: "Hapana." Hakupandisha sauti hata kidogo. Vijana walirudi nyuma mmoja mmoja. Sijui mtu mwingine chuoni aliyefanya kazi kubwa kuliko hiyo usiku ule.

Sheria iko wazi. Umati hauna jina kortini. Watu walioazimia jambo pamoja huwajibika pamoja, na aliyerusha kofi la kwanza anaweza kujikuta kizimbani kwa mauaji pamoja na aliyerusha jiwe la mwisho. Katiba, kifungu cha 49, inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na inamhesabu mwizi kuwa mtu. Tena kuna hesabu ya kawaida kabisa: mtu aliyezirai hawezi kusema laptopu humuuzia nani. Ukimtoa salama, huenda polisi wakafika kwa mnunuzi. Ukimvunja, mnunuzi atapata kijana mwingine kesho.

Hivi, kwa nini wizi mwingi hauripotiwi hata kidogo? Jibu liko chini ya kitanda: koili, na juu ya kitanda: pairati, anayelala bila kuandikishwa. Vitanda vya chuo havitoshi, kwa hiyo chumba kilichoandikishwa watu wawili hulala wanne, na wawili kati yao hawapo kwenye karatasi yoyote. Chakula cha mesi kinahitaji pesa ambazo HELB haijatuma, kwa hiyo ugali hupikwa chumbani kwa koili iliyopigwa marufuku. Laptopu ikiibiwa chumba hicho, nani atamwita soja aingie? Mwizi anaijua siri hii kuliko mkuu wa wanafunzi. Huchagua vyumba vya watu wasioweza kulalamika.

Hapa nasema na wakuu wa vyuo waziwazi: mwanafunzi anayekuja kuripoti wizi au kupigwa asiadhibiwe siku hiyo kwa sababu ya kitanda au koili. Andikeni wizi kwanza. Mambo ya malazi yana ofisi yake na siku yake. Nanyi makomredi, koili ifichueni wenyewe kabla haijawafichua. Tena usalama si wizi tu: kumbukeni usiku wa kuamkia Jumapili ya tarehe 12 Aprili 2015, kampasi ya Kikuyu. Siku kumi kabla yake watu 148 walikuwa wameuawa Chuo Kikuu cha Garissa, na nchi nzima ilikuwa inalala jicho moja wazi. Mlipuko wa umeme ukasikika karibu na hosteli ya Kimberly. Wanafunzi wakadhani ni washambuliaji, wakaruka kutoka ghorofani. Mmoja alifariki na zaidi ya mia moja wakaumia. Hapakuwa na mshambuliaji hata mmoja. Mwezi Novemba mwaka huo huo, zoezi la usalama Chuo Kikuu cha Strathmore lilifanywa watu wakaamini ni shambulizi la kweli, na mfanyakazi mmoja akafa. Tangu hapo nikisikia mwanafunzi akimnung'unikia soja anayepekua begi langoni, humwomba amfungulie zipu yeye mwenyewe. Na ukihamia hosteli, usiku wa kwanza tembea hadi kwenye mlango wa dharura, uusukume uone kama unafunguka. Ukikuta una kufuli, hilo ni tukio. Lipeleke kwenye kitabu.

Mambo machache ya nje ya lango, kwa haraka. Westlands usiku kinywaji chako kisikae mezani peke yake. Kuna watu wanaopika "mchele", yaani kutia dawa ya kulevya kinywajini, na ukiuonja utaamka bila simu, bila pesa na bila kumbukumbu. Simu ikishatoka mkononi, kazi ya kwanza ni kupiga kwa kampuni ya laini ukitumia simu ya mwenzako ifungwe, maana M-Pesa yako inaumia kabla ya moyo wako. Ukituma pesa kwa namba isiyo sahihi, peleka ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456 papo hapo. Anayekuandikia "ile pesa tuma kwa namba hii" hakujui.

Na kuna jambo moja lisiloandikwa kama matukio mengine. Aliyebakwa au kunajisiwa asikalishwe langoni kueleza mbele ya wapita njia, na soja, msimamizi wa hosteli au kiongozi wa wanafunzi asijaribu "kusuluhisha." Aende hospitali kwanza, ndani ya saa 72 ili apate dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi, bila kuoga, na nguo zake ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi. Namba 1195 ni ya bure, usiku na mchana. Polisi watafuata.

Turudi kwa laptopu. Tuseme umefanya yote: namba ipo, kitabu kimeandikwa, OB unayo, mshukiwa yuko hai, na polisi wamekipata kitu chako. Hutakabidhiwa siku hiyo; sasa ni kielelezo, kimefungwa kamba na kuandikwa jina la kesi. Omba kupitia kwa mwendesha mashtaka kipigwe picha ili urudishiwe kabla kesi haijaisha, hasa kama tasnifu yako imo humo. Kesi itasikizwa Milimani au Kibera, itaahirishwa, itaahirishwa tena. Kisha chuo kitafungwa, nawe utakwenda nyumbani Kitale au Taita, na laini uliyoandikisha polisi ndiyo ile iliyoibiwa na simu.

Hapo ndipo kesi nyingi hufia. Hakimu huita mlalamishi, mlalamishi hayupo, na mashtaka huondolewa. Soja aliyekuja na kaunta buku yake kwapani, baada ya zamu ya saa kumi na mbili na bila kulala, hurudi kazini hajatoa ushahidi. Mwaka 2024 mdhibiti wa sekta yao aliagiza mlinzi wa Nairobi alipwe angalau shilingi 30,000 kwa mwezi, na waajiri wakaipinga amri hiyo. Nauli ya kwenda kortini na kurudi huwa inatoka mfukoni mwake. Kwa hiyo siku ya kwanza kabisa, unapoandikisha kwenye OB, toa namba tatu: yako, ya mwenzako wa chumbani, na ya mtu wa nyumbani asiyebadilisha laini kila muhula. Mama au shangazi anafaa. Mwambie kwamba akipigiwa na mtu anayejiita koplo kutoka Central asikate akidhani ni tapeli. Amwulize namba ya OB, ailinganishe na uliyomwachia, kisha akupigie uabiri basi la usiku.